Ulifanya Nini Ulipokuwa na Mimba?

Swali hili mara nyingi haliulizwi hospitalini. Huulizwa nyumbani, jioni, na watu wanaompenda mama anayeulizwa. Mtoto ana miezi saba na shingo haijakaza, au ametimiza miaka miwili na bado hajaita mtu. Bibi yake anampakata, anamgeuza, anapiga makofi karibu na sikio aone kama atashtuka. Kisha anasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hebu niambie ukweli. Ulifanya nini ulipokuwa na mimba ya huyu?" Wifi anainamisha macho. Baba mtoto anatoka nje.

Majibu yapo tayari kabla mama hajafungua mdomo. Mtoto amebemendwa. Kuna mkono wa mtu. Mama alikula kitu cha mwiko, au alitembea usiku mahali pasipotembelewa. "Kwetu hakuna watoto wa hivi," husema ukoo wa mume, na ukoo wa mke nao husema hivyo hivyo. Ukiyapanga majibu hayo utaona hayafanani kwa lolote ila jambo moja: kila jibu linamtafuta mtu aliyetenda, na karibu kila mara mtu huyo ni mwanamke mmoja aliyeketi mkekani na mtoto mapajani.

Sasa sayansi imeleta jibu jingine. Inasema kwamba ugonjwa wa kuambukiza anaoupata mama akiwa mjamzito unaweza kugusa ubongo wa mtoto unaojengwa ndani yake. Ningependa kusema kwamba jibu hili linamfungua mama, na kweli linaweza kumfungua. Lakini ni rahisi mno kulitumia kwa kazi ile ile ya zamani: "Kumbe ilikuwa malaria. Basi wewe hukulala ndani ya chandarua." Mchawi ametoka, mshtakiwa amebaki yule yule. Ndiyo maana nadhani haitoshi kueneza ujuzi huu Mpanda, mkoani Katavi, na vijiji vyake. Inabidi tufikiri pia unamaanisha nini, na unamtaka nani ajibu.

Kwa muda mrefu waganga wa kizungu waliamini kwamba tumbo la uzazi ni ngome: kinachompata mama hakimfikii mtoto isipokuwa kwa nadra. Imani hiyo ilitikiswa mwaka 1941 na daktari wa macho wa Sydney, Australia, aitwaye Norman Gregg. Alikuwa akipokea watoto wachanga wengi wenye mtoto wa jicho kuliko kawaida. Inasimuliwa kwamba aliwasikia mama zao wakizungumza wenyewe kwa wenyewe, wakigundua kuwa wote waliugua ugonjwa wa kuambukiza uitwao rubela walipokuwa na mimba changa. Wapo watoto wa aina hiyo waliozaliwa pia na moyo wenye kasoro, na masikio yasiyosikia, na akili iliyochelewa kukua. Naipenda habari hiyo kwa sababu ya mama wale. Nao waliulizwa yaliyowapata wakati wa mimba, na swali lilikuwa lile lile la bibi yetu wa jioni, ila aliyeliuliza hakuwa akitafuta kosa. Alitaka kujua kilichopita. Matunda yake yametufikia: tangu 2014 watoto wa Tanzania wanachanjwa dhidi ya surua na rubela kwa sindano moja, na msichana aliyechanjwa leo Inyonga amelindiwa mtoto ambaye atambeba miaka mingi ijayo.

Baada ya rubela mifano iliongezeka. Kirusi cha Zika kiligunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe nchini Uganda, ndani ya damu ya tumbili. Kikakaa karibu miaka 70 kikihesabiwa kuwa homa ndogo isiyo na neno, mpaka mwaka 2015 madaktari wa kaskazini mashariki mwa Brazil walipoanza kupokea watoto wenye vichwa vidogo sana. Kaswende inajulikana zaidi ya hizo zote, na iko karibu nasi zaidi. Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba miongoni mwa wajawazito wenye kaswende kali ambayo haikutibiwa, mmoja kati ya wanne alijifungua mtoto mfu. Waliopata sindano ya penisilini mapema walijifungua kama wanawake wengine. Na mtoto anayezaliwa hai na kaswende anaweza kuwa nayo hadi kwenye ubongo.

Katavi, hata hivyo, ukiulizia homa ya mjamzito, watu watakutajia malaria kwanza, na wana haki. Kakese wanalima mpunga. Mpimbwe wanalima mpunga. Mvua za masika zikishajaza majaruba na Mto Katuma ukapanda, maji yanayolisha mkoa huu ndiyo hayo hayo yanayolea mbu. Lakini malaria ya mjamzito ina siri yake, na siri hiyo ilianza kufunuliwa Kisumu, Kenya. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy walieleza kwamba vimelea vilivyotolewa kwenye kondo la nyuma vina tabia ya pekee: vinang'ang'ania aina ya sukari iliyopo kwenye kuta za kondo. Kwa hiyo chembe za damu zenye vimelea hujificha humo, mahali ambapo damu ya mama na damu ya mtoto zinakaribiana kuliko popote. Mama anachomwa kidole, tone la damu linadondoshwa kwenye kipimo cha haraka, mstari unaonyesha hana malaria. Hana homa, anapalilia kama kawaida. Kumbe kondo limejaa.

Sasa mrudie mama yule wa mkekani umuulize alifanya nini. Hakufanya kitu. Hata kujua hakujua, na kipimo alichopewa hakikuwa na uwezo wa kumjulisha kila mara.

Kuna la pili katika siri hiyo, nalo ndilo linalonikaa moyoni zaidi nikiufikiria mkoa huu. Mtu aliyekulia penye malaria mwili wake umeshazoea kiasi kupigana nayo. Lakini vimelea vya kondo mwili wa mwanamke haujawahi kuvikuta kabla hajabeba mimba, kwa kuwa kondo lenyewe hakuwa nalo. Kinga yake dhidi ya vimelea hivyo hujengwa mimba kwa mimba. Anayebeba ya kwanza ndiye aliye wazi kuliko wote, na akiwa na umri mdogo hatari inaongezeka. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulikuta kwamba Katavi, mkoa uliokuwa na miaka michache tu tangu ukatwe kutoka Rukwa mwaka 2012, ulikuwa wa kwanza nchini kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27.

Maana yake ni kwamba swali la jioni, linapoulizwa Katavi, mara nyingi linamwangukia binti ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa anavaa sare za shule. Anaulizwa alichokifanya, na watu wale wale ambao hawakumuuliza kitu alipoachishwa masomo. Sina namna ya kulisema hili kwa upole. Binti wa miaka 16 aliye peke yake mbele ya familia ya mwanamume, anayebeba vimelea ambavyo mwili wake haujawahi kuviona, ndiye mtu wa mwisho anayestahili kubebeshwa maana ya ugonjwa huo.

Nenda kliniki ya wajawazito asubuhi uone jinsi jambo kubwa hivi linavyoshughulikiwa kwa vitu vidogo. Benchi limejaa. Kila mmoja ana kadi yake, wengine wameifunga ndani ya mfuko wa nailoni isiloane. Muuguzi anaita jina, anapima tumbo kwa kamba, anachoma kidole: damu, kaswende, VVU. Kisha anatoa vidonge vitatu vya SP, dawa ya kukinga malaria, na mjamzito anavimeza pale pale mbele yake, kwa kikombe cha maji alichokuja nacho mwenyewe, ili pasiwe na shaka kwamba vimemezwa. Tarehe inaandikwa kwenye kadi. Mwezi ujao tena. Vidonge hivyo haviruhusiwi miezi mitatu ya kwanza. Vinaanza mimba ikishaingia mwezi wa nne, na vinaendelea mpaka kujifungua. Kazi yake ni kukisafisha kilichojificha kwenye kondo, kipimo kimeonyesha au hakikuonyesha. Ukitazama kwa makini, huo ni uamuzi wenye hekima ya ajabu: tunamlinda mtu bila kumngoja athibitishe kwamba ameugua.

Ila benchi hilo lina mambo yake. Kwanza, wengi hulifikia kwa kuchelewa: mrija ambao ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hutokana nao hufunga karibu siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati mama wengi hawajajua hata kama wana mimba. Wanawake wengi nchini hufika kliniki miezi mitatu ya kwanza ikiwa imepita. Wapo wanaochelewa kwa sababu wanatakiwa waje na mwenza, na mwenza yuko machimboni Dirifu au ameingia porini na ng'ombe, kwa hiyo inabidi wamtafute kwanza mwenyekiti wa kijiji awaandikie barua. Wapo wanaofika wakaambiwa dawa zimeisha. Na upo ukweli mwingine ambao hatuusemi sana kwenye mikutano ya kijiji: kipimo cha kaswende kikionyesha ugonjwa kwa mke ambaye hajawahi kutoka nje ya ndoa, swali la nani alifanya nini linabadilisha mlango, na nyumba nyingi hazina ujasiri wa kulifuata huko lilikoelekea.

Kuhusu ubongo wenyewe inabidi niwe mwangalifu, maana hapa ndipo watu wanapopenda kusema zaidi ya wanachokijua. Kinga ya mama ikipambana na ugonjwa humwaga kwenye damu kemikali za kupashana habari, nazo zinaweza kuvuruga kazi ya kondo na kufika mahali ambapo chembe za ubongo wa mtoto zinazaliwa, zinasafiri na kuunganishwa. Kwa panya jambo hilo limeonyeshwa wazi: jike aliyepewa malaria akiwa na mimba huzaa watoto wenye upungufu wa kujifunza na kukumbuka, hata kama vimelea havikuwafikia wao wenyewe. Kwa binadamu, utafiti wa Malawi uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta kwamba watoto ambao mama zao walikuwa na malaria wakati wa mimba walikuwa nyuma kidogo katika lugha walipofika mwaka mmoja na nusu. Huko Helsinki, Finland, mwaka 1988 watafiti walidai kwamba waliokuwa tumboni wakati wa mafua makubwa ya 1957 walipata zaidi ugonjwa wa akili wa skizofrenia, na wengine waliorudia hesabu hizo mahali pengine hawakukubaliana.

Kisha ukaja utafiti wa Sweden wa 2022 ambao naona kila mtu anayetaka kumnyoshea mama kidole angepaswa kuusikia. Watafiti waliwafuata watoto zaidi ya nusu milioni wa mkoa wa Stockholm. Walikuta kwamba wale ambao mama zao walitibiwa maambukizi makubwa wakati wa mimba walipata usonji kwa kiwango kilichozidi kidogo. Lakini walipowalinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja aliyebebwa mama akiwa mgonjwa na mwingine mama akiwa mzima, tofauti ilikaribia kufutika. Na mama aliyeugua mwaka mmoja kabla ya mimba alikuwa na uwezekano wa kupata mtoto mwenye usonji unaokaribiana na wa aliyeugua ndani ya mimba. Pengine mwili unaougua ovyo na ubongo unaokua kwa njia yake vina shina moja, na homa ile haikuwa mkosaji. Rubela, Zika na kaswende hazimo katika shaka hiyo; madhara yake yanajulikana. Nazungumzia maambukizi mengine ambayo mama anaweza kukutana nayo katika miezi tisa.

Hapo tunafika kwenye pengo ambalo hakuna mashine itakayoliziba. Sayansi hii inahesabu watu elfu kwa elfu. Inaweza kukwambia kwamba wajawazito wote wa Mpanda wakimeza SP kwa wakati, watoto watakaozaliwa na uzito mdogo watapungua. Haiwezi kumpakata mtoto huyu mmoja na kusema: ni ule mwezi wa Machi, ni mbu yule. Mama hana watoto elfu. Ana huyu. Anataka jibu lenye jina la mwanawe, na tunachoweza kumpa ni jibu la mkoa. Lawama zinaota katika pengo hilo. Mtu akikosa kilichosababisha, anatafuta aliyesababisha, kwa kuwa mtu angalau unaweza kumwona.

Nadhani kuna njia nyingine ya kulisoma jambo hili. Tumezoea kuhesabu malezi tangu mtoto anapozaliwa: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na anayelea tunamjua kwa jina. Maambukizi ya mimba yanatuonyesha kwamba ulezi umeshaanza huko nyuma, na walezi ni wengi kuliko tulivyodhani. Mfereji ambao halmashauri haikuuzibua Makanyagio, mjini Mpanda, umo. Mwanamume aliyekataa kupimwa damu yumo. Mweka hazina aliyechelewesha malipo ya dawa yumo, na mhudumu wa afya wa kijiji aliyetembea kwa miguu kumkumbusha jirani tarehe ya kliniki naye yumo. Hata waliokufa wamo. Adrien Atiman alizaliwa huko Mali ya leo, akaibwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomea uganga Malta, akafika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, na akawatibu watu wa huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Ukoo wa mtu ambaye nyanya yake aliponeshwa na mkono ule una deni kwa mtoto aliyeibwa maelfu ya kilomita kutoka hapa. Wakimbizi wa Burundi waliofika Katumba baada ya mauaji ya 1972 walikuja na wajawazito kati yao. Hofu ya njiani, njaa na homa za kambini ziliingia kwenye miili ambayo ilikuwa bado haijazaliwa. Hakuna anayeanza peke yake. Kabla hatujapewa jina tumeshapokea mema na mabaya ya watu ambao hatutawajua kamwe.

Simwondolei mama wajibu. Chandarua anakitundika yeye, kliniki anakwenda yeye, na aliyeupata ujuzi huu ana haki ya kuutumia. Ninalokataa ni ile hesabu inayowagawia wengine wote uhuru na kumwachia yeye uzito.

Kuna jambo ambalo bado linanisumbua, na silipiti haraka. Tukisema kwa nguvu zote kwamba ugonjwa huu uzuiwe, tunamwambia nini yule ambaye haukuzuiwa? Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayekua Nsemulwa, anayesikia wakubwa wakisema, "Kama si malaria ile, angekuwa mwingine"? Ninaamini maneno hayo yana kosa ndani yake. Hakuna mtoto mwingine aliyefichwa nyuma ya huyu, mzima, anayengoja kurudishwa. Yupo huyu anayecheka akitekenywa, anayekataa uji ukipoa, anayeijua sauti ya mama yake hata sokoni kwenye kelele. Kumlinda asiyezaliwa ni kazi moja, na kumpokea aliyezaliwa ni kazi nyingine. Ya kwanza inatazama hatari, ya pili inamtazama mtu. Anayezichanganya hujikuta akimwombolezea mtoto aliye hai.

Na yeye bado anajengwa. Ubongo unaendelea kuunganisha chembe zake miaka ya kwanza yote, kwa mguso, kwa maneno, kwa kuitwa na kuitika. Siku mama atakapomuuliza muuguzi kwa unyoofu, "Dada, ni ile malaria?", jibu la kweli ni kwamba huenda ndiyo, huenda siyo, na kwamba kwa huyu mmoja hatutajua. Lakini muuguzi anayeijua kazi yake haishii hapo. Anamlaza mtoto kifudifudi kwenye khanga, anamwonyesha mama jinsi ya kumwekea kitu cha rangi mbele ya macho ili ajaribu kuinua kichwa, dakika chache asubuhi na dakika chache jioni, halafu anauliza nani mwingine yupo nyumbani wa kusaidia. Baba akiwa amekuja, anaitwa aingie naye ajifunze.